Gutaha si Gutahuka

Mwanamke aliyetufundisha kwamba sisi sote ni raia wa dunia alikuwa mtu mwema. Nasema hilo mapema ili mtu asije akadhani namkejeli. Alitoka Ulaya, nywele zake zilikuwa na mvi, na alikunywa chai yetu ya rangi bila kukunja uso. Alikuja Nduta, kambi ya wakimbizi wa Burundi, kuendesha semina ya siku mbili kuhusu mazungumzo baina ya tamaduni, na mimi nilikuwa mkalimani wa mwisho katika msururu. Yeye alisema kwa Kiingereza, kijana mmoja wa Dar es Salaam akageuza kwa Kiswahili, halafu mimi nikakichukua Kiswahili hicho nikawapelekea Warundi waliokaa kwenye mabenchi. Hotuba ya dakika tano iliwafikia ikiwa ya dakika moja na nusu.

Asubuhi ya kwanza mgeni wetu alisema kwamba hakuna mgeni juu ya uso wa dunia. Kijana wa Dar akafasiri vizuri tu. Zamu yangu ilipofika nikakwama kwenye neno "raia". Kwa Kirundi, na kwa Kiha pia, lugha ya wenyeji wa huku, raia ni mtu wa nchi. Nchi imo ndani ya neno lenyewe, huwezi kuitoa. Nikajaribu hivyo hivyo: umunyagihugu w'isi, mtu ambaye nchi yake ni dunia. Lakini isi ni dunia, na isi ni ardhi pia, hii tunayoikanyaga. Bibi mmoja wa benchi la nyuma akasema kwa sauti, "Huyo namjua. Raia wa isi ni yule aliyekwisha kuzikwa. Huyo tu ndiye haambiwi ahame."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mgeni akauliza wanacheka nini. Nilimweleza kijana wa Dar, naye akamwambia mgeni kwamba wazo limewafurahisha sana. Mgeni akaandika kwenye daftari lake.

Yule bibi hakuishia hapo. Alikuwa mwembamba, kitenge amekifunga chini ya kwapa, na alikuwa na tabia ya kunyoosha mkono wakati ameshaanza kuongea. Mchana kijana wa Dar alitaka kuonyesha kwamba hata sisi tuna hekima ya kukaribisha watu, akatoa methali yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikaifasiri. Bibi akanyoosha mkono. "Sisi tuna miaka karibu kumi hapa," akasema. "Mwulize, hilo jembe letu limepotelea wapi?" Maana wakimbizi hawaruhusiwi kulima nje ya kambi, na kila mtu mle ndani alilijua hilo isipokuwa mgeni. Safari hii nilifasiri yote, na mgeni akatokwa na machozi. Nilimhurumia, lakini nilikasirika pia, kwa sababu machozi yake yalikula muda wetu wa soda.

Mwisho wa semina tulipewa vyeti, wakalimani na washiriki wote. Cheti changu kinasema mimi ni raia wa dunia. Ndiyo karatasi pekee niliyo nayo inayoniita raia bila mtu kuniuliza kwanza babu yangu kazikwa wapi.

Hapa ndipo ninapopaswa kueleza mimi ni nani. Kazi ya ukalimani niliipata kwa kusema kwamba mimi ni binti wa Kiha, Mtanzania wa kijiji cha Kitahana. Kitahana nilikulia kweli, nikachunga mbuzi, nikasoma, na baba yangu kazikwa pale nyuma ya migomba yetu. Lakini wazazi wangu wote wawili walivuka kutoka Burundi wakiwa wadogo, kila mmoja amebebwa mgongoni na mtu wake, na hawakuandikishwa popote kama wakimbizi. Walifika kijijini, wakapewa mahali pa kulima na watu waliosikilizana nao lugha, wakaitwa Waha kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuwaita kitu kingine. Miaka ilipopita na maswali ya uraia yakaanza, walikuwa wamechelewa kuyajibu.

Mama alitulea na sheria moja. Kirundi ni cha jikoni. Ukivuka kizingiti, unaongea Kiha cha wenzako, na shuleni Kiswahili. Tofauti ya Kiha na Kirundi ni ndogo, majirani wanaelewana bila mkalimani, lakini ipo, na mwenye sikio anaisikia. Ndugu yangu akiteleza mbele ya watu, mama alimfinya. Siku hizi mama anaishi Kabanga, kwa sababu ya miguu yake, awe karibu na hospitali, na mahali penyewe pamempa utani ambao hauchoki. Kwa Kirundi akabanga ni siri ndogo. "Tunakaa Kabanga," husema, "na akabanga kacu, siri yetu." Anasema akiwa amefunga mlango, halafu anacheka peke yake.

Kwa hiyo kambini nilikuwa naongea Kiha. Wakimbizi walinielewa, mimi niliwaelewa zaidi ya nilivyoonyesha. Tulikuwa wakalimani kadhaa, na mmoja wetu, kaka mpole mwenye sauti nzuri ya kanisani, siku moja alimsahihisha mwenzake mbele ya watu. Akasema hapana, bwana, kwa Kirundi neno hilo lina maana nyingine. Alisema kweli. Mmoja wa waliokuwapo akamtazama akamwuliza, kwa upole tu, "Wewe Kirundi umekijulia wapi hivyo?" Halafu akamwuliza babu yake kazikwa wapi. Kaka wa watu akababaika. Wiki iliyofuata hakuja kazini, wala iliyofuata. Sisi tuliobaki hatukuulizana. Kila mmoja alishika Kiha chake vizuri.

Mwaka jana yakaanza mahojiano. Wakimbizi wengi walikuwa wanarudishwa kwao, na wale waliosema hawawezi kurudi walitakiwa waeleze sababu, mmoja mmoja. Fomu ilikuwa na kurasa tano. Swali la kwanza liliuliza mhusika anataka nini, kurudi au kubaki. Aliyejibu kurudi, kurasa nne zilizofuata zilipigwa mstari, akaweka dole gumba, basi. Aliyejibu kubaki ndiye aliyeulizwa maswali mengine.

Yule bibi wa semina alikuwa na sababu. Kambi nzima iliijua. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, akachukuliwa usiku na watu wa kilima chao wenyewe, watu aliowajua kwa majina na kwa majina ya mama zao. Hakurudi. Watu hao hao ndio wanaolima shamba lake sasa. Alikwisha kuwaambia watu, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, kwamba akionekana kule watamwua, si kwa chuki, ila kwa sababu ya shamba. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya chumvi.

Siku yake ilipofika alikaa kwenye foleni tangu alfajiri. Afisa aliyekuwa akihoji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikiliza habari za vifo tangu asubuhi, njaa inamwuma, na mimi inaniuma. Ilikuwa saa saba kasoro. Jina la bibi likaitwa. Akaingia, hakukaa. Alisimama mlangoni ameshika kitenge, anatazama nje. Baadaye nilikuja kujua kwamba kabla ya kuitwa alikuwa amechomoka foleni kwenda kubandika maharage, na ameyaacha motoni. Alikuwa ameyapata kwa kubadilishana na unga wa mgao, na kuni zilikuwa za kuazima.

Afisa akachukua kalamu. "Mwulize anataka nini."

Nikamwuliza. "Urashaka iki?"

"Ndashaka gutaha," akasema.

Nataka kwenda nyumbani. Nyumbani pale, kibandani kwake, kwenye maharage. Kitahana neno hilo linatosha kwa yote: ukitoka shamba jioni unataha, na ukirudi kijijini baada ya miaka ishirini mjini unataha. Warundi wa kambini hawasemi hivyo. Wametawanyika na kurudi mara nyingi mno, wakajitengea neno la kurudi nchini kwao. Wanasema gutahuka. Mtoto wa miaka mitano pale Nduta hachanganyi gutaha na gutahuka, kama mtoto wa pwani asivyochanganya kupwa na kujaa.

"Anataka kurudi nyumbani," nikasema.

Afisa akainua kichwa, akamtazama bibi mwenyewe, akamwuliza taratibu kwa Kiswahili ili awe na hakika. "Bibi, nyumbani?"

Bibi alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, na neno hilo alilijua. "Ee, nyumbani," akaitikia kwa furaha. Kisha akanigeukia akasema, "Nzogaruka ejo."

Nitarudi kesho. Alikuwa anaomba radhi, kwamba kesho atakuja amalize.

"Anasema atarudi kesho," nikafasiri.

Afisa akacheka. Ndicho kicheko cha kwanza nilichomsikia siku hiyo. "Kesho! Mwambie asiwe na haraka namna hiyo, mabasi bado hayajapangwa." Na mimi nikacheka. Akapiga mstari kurasa nne, akasogeza wino. Bibi akaweka dole gumba akidhani ni ruhusa ya kutoka, akatushukuru wote wawili, akaondoka mbio mbio na miguu yake ile myembamba.

Nimeyarudia maneno yale kichwani mara nyingi kuliko sala. Kila neno nililofasiri lilikuwa sahihi. Mtu yeyote akinishtaki naweza kujitetea neno kwa neno. Lakini nilipokuwa nacheka nilikuwa nimeshajua. Nilijua aliposema gutaha, nikawa na hakika aliposema ejo. Ningeweza kusema, "Ngoja, mkuu, huyu hakusema gutahuka." Maneno machache tu. Na afisa angeniuliza, kwa sababu ni swali la kawaida kabisa, wewe umejuaje? Nikaona miguu ya mama imevimba ndani ya kandambili zake, nikaona watu wawili watatu wamekaa kwenye viti vyake pale Kabanga wanamwuliza baba yake kazikwa wapi. Afisa akasema tukale. Tukaenda tukala wali na maharage, na nililamba sahani.

Kesho yake bibi alikuja kama alivyoahidi. Alikaa kwenye foleni tangu alfajiri. Saa tano mlinzi akamwambia jina lake limeshakwisha, aende. Alinitafuta kwa macho. Nikatoka, nikamwambia kwa Kiha kwamba ataitwa, asiwe na wasiwasi. Akanishukuru. Siku ya tatu akaja tena, na siku ya nne akaja. Nilianza kupita mlango wa nyuma.

Orodha ya wanaorudi ilipobandikwa, kijana mmoja alimsomea jina lake. Wiki ile nilimkuta ananisubiri kwenye njia ya kwenda getini. Hakuwa na hasira. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Aliniuliza nani amesema kwamba yeye anataka kutahuka.

"Wewe bibi ulisema," nikamjibu kwa Kiha.

"Mimi nilisema gutaha."

"Kwetu sisi Waha ni neno moja."

Akanitazama muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza redio yenye mkwaruzo. "Kwenu Waha," akarudia. Halafu akaniomba nikaseme kwa wakubwa kwamba kulikuwa na kosa. Sio kosa lako, akasema, kosa la neno. Nikaahidi. Ahadi ile niliitimiza hivi: nilimwuliza afisa mmoja, si yule, tena nikiwa nimesimama nusu mlangoni, kama mtu akikosea kwenye swali la kwanza kuna njia ya kurekebisha. Akasema lazima mkalimani aliyekuwapo aandike maelezo, aweke sahihi na namba ya kitambulisho, waje wamhoji na yeye. Nikasema aa, nilikuwa nauliza tu.

Asubuhi ya mabasi nilipangwa kazi. Nilifikiria kujisingizia ugonjwa, kisha nikafikiria kwamba asiyekuja huulizwa kwa nini hakuja. Watu walikuwa wanapanda na magodoro, masufuria, kuku wawili watatu waliofungwa miguu. Bibi alikuwa na mfuko mmoja na sufuria ile. Sufuria ilikuwa na doa jeusi la kuungua chini, na nadhani unaelewa lilitoka wapi. Alipofika ngazini akaniona. Akatua mzigo, akaja hadi niliposimama, akanishika kifundo cha mkono. Akaniuliza kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, Kirundi kile kile cha jikoni kwetu chenye kuburuta mwisho wa maneno, ambacho sijakisikia kwa mtu mwingine isipokuwa mama yangu.

"Nyoko ni nde?"

Mama yako ni nani. Kwa Kirundi ni swali la heshima. Mtu wa kwenu anakuuliza hivyo akitaka kujua mmeungana wapi. Alikuwa ameshanijua. Labda tangu semina, labda tangu niliposema urashaka iki. Hakuuliza kunitisha. Naamini, na ndilo linaloniumiza zaidi, kwamba alikuwa anatafuta mtu wa kumwachia habari zake, aende akiwa na ndugu mmoja upande huu.

Mlinzi aliyesimama karibu alikuwa mgeni wa mkoa huu. Alisikia neno moja tu, la kwanza, na kwa Kiswahili neno hilo huwezi kulisema mbele ya watu wazima. "We bibi!" akafoka. "Unamtukania dada wa watu mama yake? Panda gari!" Akamshika bega, si kwa nguvu sana, akamgeuza kuelekea ngazini. Kisha akaniuliza, "Amekutukana, dada?"

Watu walikuwa wanatazama. Bibi alikuwa anatazama, mkono wake umebaki hewani palipokuwa na mkono wangu. Kiswahili chake cha sokoni kilitosha kuelewa kwamba anaambiwa ametukana, na alikuwa ananisubiri mimi nieleze. Kazi yangu ni hiyo. Nalipwa kwa hiyo.

"Achana naye," nikasema. "Ni mzee tu."

Akapanda. Alikaa upande wa pili wa basi, sikumwona tena. Sijapata habari zake na sina wa kumwuliza.

Jumamosi nilikwenda Kabanga. Nilimkuta mama jikoni anachambua mboga, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote kwa Kirundi tangu gutaha hadi sufuria. Nilitaka anifokee. Nilitaka pia, nisidanganye, aniambie kwamba nilifanya vyema, kwamba nimemlinda, maana ni yeye aliyenifundisha. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza aliuliza bibi huyo alikuwa anaongea vipi. Nikamwigizia lile swali, na ule mburuto wa mwisho. Mikono yake ikasimama.

"Huyo ni wa kwetu," akasema. "Hata kama si ndugu, ni wa kilima kile. Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Alikuuliza mama yako ni nani, na mimi nipo hai, ukanyamaza."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira. Mama akainuka kwa shida, akajishikiza ukutani, akaenda kufungua mlango, akauacha wazi. Kisha akarudi, akafuta meza, akanigeukia, na akasema kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha kuongea na manesi na wauza dagaa:

"Karibu chakula."

Nilimjibu kwa Kirundi. Akajifanya hakusikia. Ni miezi sasa. Nikienda ananipokea vizuri, ananiuliza habari za kazi, ananipa maji ya kunawa, na mlango wa jikoni unabaki wazi. Hajanisemesha neno hata moja la Kirundi tangu siku ile. Ananiambia karibu, na nikiondoka ananiambia karibu tena.